Dalili Huku, Ugonjwa Kule

Mazungumzo ya leo yanahitaji mkono wako mmoja. Anayeendesha gari au bodaboda asikilize tu, ya mikono atayafanya akifika. Wengine wote, aliye jikoni na akaushe mkono, aliye dukani aweke kalamu chini. Tunakwenda safari fupi kutoka utosini hadi mtulingani, yaani kwenye ule mfupa mwembamba unaolala kati ya shingo na kifua.

Nitalitaja mapema jambo lililonileta hapa. Katika kichwa na shingo, mahali panapoonyesha dalili mara nyingi sipo panapougua. Sikio linauma, kumbe jino. Sauti imekwaruza wiki nzima na nyingine, kumbe tatizo liko kifuani. Mtoto anakohoa, watu wanamfungua kinywa na kukilaumu kimeo, kumbe mapafu ndiyo yanayougua. Hapo hakuna uchawi wala mkosi. Eneo hili ni finyu, na ndani yake hupita neva, mishipa ya damu, njia ya hewa na njia ya chakula, vyote vikipishana kwa milimita chache. Ukizijua njia zake, unajua pa kupeleka lawama.

Basi weka kiganja juu ya kichwa. Chini ya nywele na ngozi kuna fuvu, na fuvu la mtu mzima limejengwa kwa mifupa 22. Minane inauzunguka ubongo, 14 ni ya uso. Karibu yote imeshikana kwa mishono isiyotikisika. Unaotembea ni mmoja tu, taya la chini.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Mishono yake haijafunga, ndiyo maana kichwa kiliweza kubanwa kidogo wakati wa kuzaliwa, na ndiyo maana ubongo unapata nafasi ya kukua. Palipo wazi zaidi ni pale mbele juu, kwenye utosi. Mtoto akiwa ametulia, amekaa wima, gusa kwa ncha za vidole. Pako laini, pamelingana na fuvu au pamebonyea kidogo sana, na utahisi panapiga taratibu kufuata mapigo ya moyo. Utosi huo wa mbele hufunga kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miaka miwili. Ule mdogo wa kisogoni hufunga mapema, katika miezi miwili mitatu ya mwanzo.

Sasa mtoto akiharisha siku mbili mfululizo, utosi unadidimia. Mama anaona, bibi anaona, jirani naye anathibitisha: mtoto anaumwa utosi. Dawa inapondwa, inapakwa pale pale juu. Lakini utosi haujaugua. Umeshuka kwa sababu maji ya mwili mzima yamepungua, na yamepungua kwa sababu tumbo linayamwaga. Pale juu ndipo tu mahali ambapo upungufu huo unaonekana kwa macho. Tiba inaingilia kinywani: maji ya ORS kwa vijiko, ziwa la mama bila kukatiza, na zahanati bila kungoja kesho. Na ikiwa ni kinyume chake, mtoto ametulia, halii, lakini utosi umetuna na ana homa, hilo linaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Hapo ni hospitali saa ile ile.

Tushuke. Weka kidole cha shahada mbele tu ya tundu la sikio, kisha fungua kinywa na ukifunge. Umekisikia kifundo kinachoteleza mbele na kurudi? Hicho ni kiungo cha taya, na kati yake na njia ya sikio pana ukuta mwembamba tu.

Taya hili lina historia yake. Tabibu Galen, ambaye Waarabu walimwita Jalinus, aliishi katika dola ya Kirumi karne ya 2, na vitabu vyake vilitawala udaktari kwa zaidi ya miaka 1,000. Yeye aliandika kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Ujuzi wake mwingi aliupata kwa kupasua wanyama, na waliomfuata wakanakili kama alivyosema. Mwaka 1200 na ule uliofuata, njaa kali iliipiga Misri. Mwanachuoni Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwa akifundisha Cairo, alipelekwa mahali palipolundikana mifupa ya waliokufa. Akaokota taya, akaligeuza, akatafuta mshono. Hakuuona. Akaokota la pili na la tatu. Yeye na wenzake waliangalia mafuvu zaidi ya 2,000, na kila taya lilikuwa mfupa mmoja. Akaandika kwamba ushahidi wa macho una nguvu kuliko maneno ya Jalinus, japo alimheshimu sana. Leo tunajua pia kwamba mtoto huzaliwa na nusu mbili za taya, nazo huungana kabla hajamaliza mwaka. Lakini mtu mzima ana mfupa mmoja, na aliyeusema ukweli huo ni yule aliyeinama kuangalia.

Kwa nini gego bovu la chini huuma sikioni? Meno yote, ngozi ya uso na sehemu ya sikio hupeleka habari zao kwenye ubongo kupitia neva moja kubwa yenye matawi matatu. Habari ikifika, ubongo hauna uhakika imetoka tawi gani, basi mtu anashika sikio, anatiwa matone, na jino linaendelea kuoza. Koo nalo lina neva inayopita katikati ya sikio, kwa hiyo mafindofindo nayo huweza kuuma sikioni. Ipo hata ya kuchekesha: wapo watu wakikwangua sikio kwa kijiti cha pamba hukohoa. Si mafua. Katika ngozi ya njia ya sikio kuna tawi dogo la neva ile ile inayokwenda kooni na mapafuni, nawe umeliamsha. Acha kijiti. Nta ya sikio hujitoa yenyewe, na kijiti huisukuma ndani kuelekea kwenye ngoma ya sikio.

Peleka kidole nyuma ya ndewe ya sikio, kwenye ule mfupa ulionyanyuka, kisha ukishushe kidogo hadi kwenye kibonde kati ya mfupa huo na taya. Ndani ya hapo hutokea neva ya uso. Kabla ya kutoka, imepita kwenye mfereji mwembamba ndani ya mfupa, na ikishatoka inaipenya tezi ya mate, ile inayovimba mtoto akipata matubwitubwi, halafu inagawanyika matawi yanayokwenda kwenye paji, jicho, shavu na mdomo. Ukitabasamu, ukikunja uso, ukifumba jicho, ni kazi yake.

Siku moja mtu anaamka, anapiga mswaki, maji yanamtoka upande mmoja wa mdomo. Anajitazama kwenye kioo: uso umepinda, jicho moja halifumbi. Mtaani watasema amepigwa na jini, au amepita penye upepo mbaya. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba neva ile imevimba ndani ya mfereji wake wa mfupa, na mfupa hautanuki, basi imejibana yenyewe. Uso hauna kosa lolote. Wengi hupona, na dawa hufaa zaidi zikianza ndani ya siku tatu. Lakini kuna jambo la hatari linalofanana na hili, nalo ni kiharusi. Daktari atamwambia mgonjwa apandishe nyusi. Neva ya uso ikibanwa, nusu nzima ya uso hulala pamoja na paji. Kiharusi mara nyingi huacha paji likunjike, kwa kuwa paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kuamua hilo si kazi ya mtu wa nyumbani. Kazi ya nyumbani ni kumfikisha hospitali haraka, hasa ikiwa mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki sawasawa.

Sasa tuingie shingoni. Pitisha vidole ukosini, kutoka kisogo kushuka chini, huku umeinamisha kichwa. Utakutana na nundu moja iliyotokeza kuliko nyingine, pale shingo inapokutana na mgongo. Hiyo kwa watu wengi ni pingili ya 7, ya mwisho ya shingo. Binadamu ana pingili 7 shingoni. Twiga wa Mikumi naye anazo 7. Tofauti ni urefu: pingili moja ya shingo ya twiga hupita sentimita 25, na za kwetu zote 7 zikipangwa hazifiki huko mbali.

Pingili ya kwanza ni pete, fuvu limekaa juu yake, na hapo ndipo unapotikisa kichwa kusema ndiyo. Ya pili ina jino la mfupa lililochomoza juu na kuingia ndani ya ile pete, na pete huzunguka juu ya jino hilo unapokataa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5 hivi, na shingo hiyo hiyo hubeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani bila mkono kushika, kwa kuwa mzigo umepita wima katikati ya pingili na misuli ya pande zote inavuta kwa usawa.

Shingo inapopinda kwa ghafla ndipo balaa linapoanza. Ndani ya pingili unapita uti mkuu wa neva kutoka kwenye ubongo. Katikati ya shingo, usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5, ndipo zinapochipuka neva zinazoendesha kiwambo, ule msuli mkubwa chini ya mapafu unaotuvutia pumzi. Mapafu yako kifuani, lakini amri ya kupumua inatoka shingoni. Kwa hiyo ajali ya bodaboda ikitokea, na majeruhi amelala, analalamika shingo au hajitambui, msimnyanyue kwa mikono na miguu, wala msimkalishe kati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Mtu mmoja apige magoti upande wa kichwa, akishike kwa mikono miwili kisigeuke kokote, wengine waite msaada na kuzuia magari. Ikilazimu kumhamisha, ahamishwe juu ya ubao, kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda pamoja.

Geuza kichwa kuelekea kulia. Upande wa kushoto wa shingo umejitokeza msuli mnene, kutoka nyuma ya sikio hadi mtulingani. Rudisha kichwa, kisha weka vidole viwili mbele ya msuli huo, usawa wa koromeo. Panapiga. Hiyo ni ateri ipelekayo damu kichwani. Ubongo una uzito wa kilo 1 na robo hadi 1 na nusu hivi, asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili uliopumzika. Ukipima mapigo hapo, bonyeza upande mmoja tu, taratibu. Kubana pande zote mbili kwa pamoja si mchezo, na watoto wanaojaribu kuzimishana shuleni waambiwe hivyo kwa sauti kali.

Ondoa vidole pembeni, vilete mbele, juu ya koromeo. Kwa wanaume linaonekana, kwa wanawake linapatikana kwa kupapasa. Shika taratibu na umeze mate. Koromeo limepanda, likashuka. Katika nusu sekunde hiyo kumetendeka mambo mengi. Ulimi umesukuma tonge nyuma. Kaakaa laini limejiinua na kuziba njia ya puani. Koromeo limepanda na kujificha chini ya shina la ulimi, kifuniko chake kimeinama, na nyuzi za sauti zimekutana kuifunga hewa. Pumzi imesimama. Tonge limepita juu ya mlango wa koo la hewa na kuteleza nyuma yake, kwenye umio. Kisha vyote vimerudi mahali pake, nawe hukugundua.

Haya yote ni kwa sababu hewa ya puani inafika kooni kwa juu na nyuma, nayo inatakiwa kwenda chini mbele, kwenye mapafu, ilhali chakula kinatoka mbele, kinywani, na kinatakiwa kwenda nyuma. Njia hizo mbili hukatana kooni. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alishangazwa na jambo hili: kwamba kila tonge na kila funda lazima lipite juu ya mlango wa pumzi. Mtoto mchanga ana nafuu, koromeo lake liko juu karibu na kaakaa, hivyo hunyonya na kupumua bila taabu kubwa. Akikua koromeo hushuka, nafasi ya sauti na maneno inapanuka, na hatari ya kupaliwa inaongezeka.

Mtu akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko makofi yenu. Akishika koo, hakohoi, hasemi, hapo ingilieni. Mwinamishe mbele, mpige kwa kisigino cha kiganja kati ya mabega mara 5. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mbavu, ishike kwa mkono wa pili, vuta kwa ndani na juu mara 5. Rudia hivyo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimbane tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5. Ikishindikana mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Na usimwingize mtu kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Kuna wakati kitu kidogo hupita bila kuziba. Mtoto wa miaka miwili anakula karanga huku akikimbia, anapaliwa, anakohoa kwa nguvu, kisha anatulia. Watu wanasema imeshuka. Wiki moja baadaye anakohoa usiku na kifua kinapiga mluzi. Karanga haikushuka tumboni. Iko kwenye pafu, mara nyingi la kulia, kwa kuwa mrija wa hewa wa kulia ni mpana na umesimama wima kuliko wa kushoto. Mkumbuke mtoto huyo, nitamrudia.

Kabla hatujatoka kwenye koromeo, sema "aaa" huku umeligusa. Linatetemeka. Hizo ni nyuzi za sauti, na neva inayoziendesha ina safari ya ajabu. Inatoka kwenye ubongo, inashuka shingoni, inalipita koromeo ambalo ndilo inalolitafuta, inaendelea hadi kifuani. Upande wa kushoto inazunguka chini ya ateri kubwa inayotoka moyoni, ndipo inapopanda tena hadi kooni. Ni kama mtu atoke Kariakoo kwenda Ilala, lakini apitie Morogoro kwanza. Yule twiga wetu neva yake hushuka shingo nzima na kuipanda tena, zaidi ya mita 4, kwa safari ambayo ingemalizika kwa sentimita chache. Chanzo chake ni ukuaji tumboni mwa mama: neva na mshipa ule vilianza vikiwa jirani, kisha moyo ukashuka kifuani na kuiburuta neva pamoja nao. Galen tuliyemkosoa kuhusu taya hapa alipatia. Alimkata nguruwe neva hizo mbele ya watu, na nguruwe aliyekuwa akipiga kelele akawa bubu huku akiendelea kuhema.

Ndiyo maana sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, bila mafua, haitibiwi kwa tangawizi na asali peke yake. Daktari ataangalia koo, na pengine ataagiza picha ya kifua, kwa kuwa uvimbe wa kifuani unaweza kuibana neva pale inapozungukia. Mgonjwa hushangaa: nimekuja na sauti, kwa nini napigwa picha ya mapafu?

Chini kidogo ya koromeo kuna tezi ya thairoidi, imekumbatia koo la hewa kwa pande mbili. Ikikua inaitwa rovu. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwa miaka mingi, rovu lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa watu, na wengine walidhani ni la ukoo. Tezi hii hutumia madini joto kutengeneza homoni zake, na udongo wa milimani una madini hayo kidogo, kwa kuwa mvua imeyaosha kwa muda mrefu. Ikiyakosa, hujitanua ili kukamata hata yale machache. Uvimbe uko shingoni, sababu iko kwenye udongo na kwenye sahani. Dawa ya jamii ilikuwa chumvi: katika miaka ya 1990 serikali iliweka sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Na ikifika mahali rovu kubwa lifanyiwe upasuaji, daktari hufanya kazi taratibu sana nyuma ya tezi, kwa sababu neva ile ya sauti inapita hapo hapo inaporudi kutoka kifuani.

Kimeo nimekiacha hadi sasa kwa makusudi. Simama mbele ya kioo, fungua kinywa, sema "aaa". Kile kinyama kinachoning'inia katikati, nyuma ya kaakaa, ndicho. Kina msuli mdogo na vitezi vinavyolainisha koo kwa mate mepesi, na kaakaa linapojiinua kuziba njia ya puani, nacho hujiinua.

Mtoto anakohoa wiki ya pili, anatapika anapokohoa, hali vizuri. Bibi anachukua tochi, anambana mtoto magotini, anaangalia kinywani. Anaona nini? Anaona kimeo. Kila mtoto anacho, na koo likiwa limewashwa na kikohozi, nacho huvimba na kuonekana kirefu. Kwa kuwa ndicho kinachoonekana, ndicho kinachohukumiwa. Mtoto anapelekwa kwa mkata vimeo, anashikwa na watu wazima wawili, kimeo kinakatwa, mara nyingi bila ganzi na kwa kifaa ambacho jana kilitumika kwa mtoto mwingine. Hapo penye mishipa mingi ya damu, mtoto mdogo anaweza kuvuja hadi akaishiwa damu. Anaweza kupata usaha kooni, pepopunda, au virusi kutoka kwenye kifaa kile.

Najua jibu la wengi: mbona fulani alikatwa akapona? Alipona kwa sababu vikohozi vingi vya mafua huisha vyenyewe ndani ya wiki mbili tatu, na watu hufika kwa mkata vimeo wiki ya pili. Sifa imekwenda kwa wembe. Wale ambao kikohozi chao kilikuwa nimonia, pumu, kifaduro au kifua kikuu waliendelea kukohoa, sasa wakiwa na kidonda kooni na siku kadhaa zimepotea. Na yule mtoto wa karanga? Kimeo chake kikikatwa asubuhi, jioni karanga bado iko palepale kwenye pafu, na anayeweza kuitoa ni daktari mwenye vifaa.

Kwa mtoto anayekohoa, acha tochi, mfunue kifua. Je, anahema mbio? Mbavu zinabonyea anapovuta pumzi? Anashindwa kunyonya au kunywa? Moja tu kati ya hayo linatosha kumpeleka kituo cha afya leo. Kikohozi kilichofika wiki mbili kipimwe kifua kikuu, awe mtoto, awe mzee.

Msikilizaji, ukifika zahanati na shida yoyote ya kichwa au shingo, usimpe daktari dalili moja halafu ukanyamaza. Umeleta utosi, eleza na choo cha mtoto. Umeleta sikio, taja na meno. Umeleta sauti, sema kama unavuta sigara, kama umekonda, kama kifua kinakuuma. Umeleta kikohozi, sema kilianza mtoto akiwa anafanya nini, na alikuwa na nini mkononi. Mengine utadhani hayahusiani. Yaseme yote, kuyaunganisha ni kazi ya daktari. Naye akianza kukagua mahali ambapo wewe huumwi, mwache amalize. Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, wiki ijayo saa hizi tutashuka kifuani. Kwaheri.